Kabla Fundi Hajapuliza Laka

Mtu anapoagiza meza kwa fundi seremala, maswali yake mengi huishia kwenye mbao: je, ni mninga au mkongo, imekauka vyema, na miguu imeungwa kwa ulimi na tundu au imepigiliwa misumari tu. Likija suala la kumalizia, husema "ipige vanishi," basi, na fundi hubaki na ruhusa ya kupaka chochote kilichomo karakanani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo meza nyingi nzuri huharibikia, na anayelipia mbao za mninga ana kila sababu ya kuchagua mwenyewe kitakachopakwa juu yake.

Mara nyingi kinachopakwa ni sila, yaani tabaka la kwanza la kuziba vinyweleo vya mbao, kisha laka inayochanganywa na tina, yaani kiyeyusho chake, na kupulizwa kwa kompresa. Sababu inaeleweka: kila mkono, yaani kila tabaka, hukauka kwa dakika chache, vumbi la randa halipati nafasi ya kunata, na meza iliyopulizwa asubuhi hupakiwa kwenye kirikuu jioni. Lakini laka hiyo hukauka kwa tina kuvukiza tu, bila utando wenyewe kugeuka kuwa kitu kigumu zaidi, na ndiyo maana tina ileile ikimwagikia juu yake hata baada ya miaka huiyeyusha upya, na joto la sufuria nalo huilainisha. Sisi wa pwani tuna balaa la ziada wakati wa masika, kwani tina inapovukiza huupoza uso wa mbao, unyevu wa hewani ukatua hapo kama umande, na meza ikatoka na ukungu mweupe.

Adui mkubwa zaidi wa laka, hata hivyo, ni kile kitambaa cha plastiki chenye maua tunachokitandika ili kuilinda. Vilainishi vilivyomo ndani ya plastiki huhamia polepole kwenye laka, na siku unapokibandua kitambaa unasikia mlio wa kitu kinachochanika, kisha unakuta maua yamebaki mezani. Meza yetu ya zamani ilikuwa na nusu waridi karibu na kiti cha baba mpaka tulipoiuza.

Safari hii, tulipoagiza meza mpya, nilimwomba fundi kipande cha mbao ileile ya meza, nikakigawa kwa penseli sehemu nne, nikapaka laka, shelaki (utomvu wa wadudu ulioyeyushwa), mafuta ya mbegu za kitani yaliyochemshwa na vanishi ya poliyurethani ya mafuta, ambayo huacha utando mgumu wa plastiki. Nilisubiri mwezi mzima, kisha kila sehemu nikaiwekea kikombe cha chai ya moto, kipande cha limau na matone ya kitakasa mikono. Shelaki ilianza kunata chini ya kitakasa, jambo ambalo ningelitarajia, maana shelaki huyeyushwa kwa spiriti tangu mwanzo, na kitakasa nacho kina spiriti. Laka ilipata duara jeupe la kikombe. Mafuta ya kitani yaliacha maji yapenye na kuweka doa. Poliyurethani nilipoifuta kwa kitambaa chenye maji haikuonyesha chochote.

Siyadharau mafuta ya kitani. Kwa kigoda au rafu sioni kinachoyashinda kwa kuonyesha rangi ya mninga, na yakichakaa unapaka tena bila kukwangua. (Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vianikwe vimetandazwa, kwani vikikunjwa na kurundikwa vinaweza kushika moto vyenyewe.) Poliyurethani ina kasoro iliyo kinyume chake: ikikwaruzwa hadi kwenye mbao, kiraka hakifichiki, na huenda ukalazimika kupiga msasa uso mzima. Kwa meza inayoliwa chakula mara tatu kwa siku na watoto wanaogonga vijiko, kasoro hiyo naivumilia.

Fundi alitaka kuanza na sila yake ya kawaida, nikakataa, kwa kuwa sila nyingi za aina hiyo hufanya poliyurethani isishike vizuri na baadaye ibanduke kama ganda la kitunguu. Tulipiga msasa namba 120, 180, kisha 240, tukifuata nyuzi za mbao. Mkono wa kwanza tukaupunguza makali kwa tapentaini ili upenye, na mikono miwili iliyofuata tukaipaka kwa brashi, myembamba, kwa kupisha siku moja na msasa laini katikati. Upande wa chini nao ulipakwa, ingawa fundi alicheka, kwa sababu mbao inayovuta unyevu upande mmoja tu huelekea kupinda.

Sharti lake lilikuwa moja, kwamba vanishi isiyokauka upesi namna ile haiwezi kupakwa kwenye vumbi la karakana yake. Meza ikaletwa nyumbani ikiwa tupu, ikapakwa sebuleni feni zikiwa zimezimwa na madirisha wazi, nasi tukala mkekani siku kumi, huku mama akiuliza kila jioni kama imekauka na mimi nikijibu kwa kubonyeza ukucha upande wa chini, mahali ambapo alama isingeonekana.