Mama mkwe kafulia kota zangu

Hii imenitokea hapa Columbus, Ohio, na mke wangu kaniambia nisimsimulie mtu kwahiyo nawasimulia nyie.

Mimi nakusanya kota za zamani za Marekani, yani zile sarafu za robo dola. Ukizikuta za 1964 kurudi nyuma ni madini ya fedha asilimia 90, ndo 1965 serikali yao ikaona fedha imepanda bei wakaanza kuweka shaba ndani halafu wanaifunika kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Kuzijua rahisi tu, angalia ubavuni, ya siku hizi ina mstari wa kahawia kama andazi lililoungua pembeni, ya fedha ni nyeupe tupu. Ninazo (ninazo! nilikuwa nazo) 25 kwenye chupa ya siagi ya karanga juu ya friji, na bibi harusi wao ni moja ya 1932 yenye herufi ndogo D mgongoni chini ya tai, maana yake ilipigwa kiwanda cha sarafu cha Denver, na mwaka ule Denver walipiga 436,800 tu. Nilitoa dola 110 nikamwambia mke ni 11.

Sasa mama mkwe akaja kutoka Pangani kututembelea. Siku ya tatu nimerudi kazini nakuta baraza yote imejaa nguo, mpaka mapazia kayaanika. Mama hana imani na mashine ya kukaushia ila ile ya kufulia kule besimenti kaipenda. Nikamwamkia, nikamwambia hongera mama kwa kazi, akasema aa baba Zuhura kazi gani, mashine inafua yenyewe, unailisha vihela vinane tu inaondoka.

Vihela gani mama?

Vile vya kwenye chupa.

Kuna chupa mbili jamani. Ya kufulia iko nyuma ya mlango.

Mashine zetu zingekuwa za kisasa pengine zingezitema, maana zinapima madini, lakini hizi za kwetu ni zile kongwe, unasimamisha kota kwenye matundu unasukuma, ikienea saizi imepita. Mikupuo mitatu, kota 24. Na mkwe humfokei, nikajikaza, nikasema mama zile zilikuwa za fedha. Akanitazama kama mtoto aliyechelewa kuongea. "Najua ni za fedha mwanangu, sasa ningefulia mawe?"

Alhamisi nikaomba ruhusa kazini nikamvizia jamaa anayekuja kufungua masanduku ya mashine. Nikampa noti za dola 300 anipe kota za hela hiyo, akaniuliza mara mbili kama niko salama. Kota 1,200 ni karibu kilo 7, nikapanda nazo ghorofa tatu, nikakesha sebuleni nakagua mbavu moja moja mke akidhani nimeanza uganga. Nikapata 19, pamoja na moja ya Kanada yenye picha ya mnyama mwenye pembe kama kulungu, sijui nani kamfanyia mashine uhuni huo. Ya Denver hakuna. Nikarudia zote 1,200. Hakuna. Wiki mbili kila kota niliyorudishiwa chenji dukani naikodolea macho mpaka keshia akawa ananipa noti.

Mama akaondoka, tukamsindikiza vizuri na masanduku yake.

Jumapili tunapiga video, mama anang'aa, kifuani kidani kipya. Akakisogeza kwenye kamera mpaka nikaona vinyweleo vya shingo, na katikati, jamani, yule George Washington wa kwenye kota na tundu katikati ya paji la uso.

Kumbe ile chupa ilikuwa na 25 na yeye alifulia 24, mimi kwa mshtuko sikupiga hesabu. Ya mwisho ilimponyoka ikagonga sakafu, akasikia mlio, akasema huu mlio wa reale la bibi yangu kabisa, lile la fedha la Maria Theresa, mtawala wa Austria, la 1780 walilokuwa wakilifanya mapambo, akaifunga kwenye pindo la kanga. Na kafika Pangani moja kwa moja kwa sonara. Kaigeuza nikaona mgongo, ile D nayo imesuguliwa mpaka inang'aa kama kijiko cha harusi.

Nikasema mama umependeza sana. Nini tena ningesema?

"Ahsante baba Zuhura. Ukipata mbili nyingine kama hii nitumie, nitoe vipuli."