Arlington, Texas: mji mzima hauna basi la ruti, na van nazo zina mambo yake

Ukimwambia mtu wa Dar kuna mji wa watu karibu laki nne hauna hata basi moja la ruti atajua unamtania, lakini upo, unaitwa Arlington, uko Texas katikati ya Dallas na Fort Worth, na wala si kijiji, una chuo kikuu kizima, una kiwanda cha General Motors tangu miaka ya 50, una uwanja wa Cowboys, timu ya mpira wa Kimarekani, uwanja wa baseball wa Rangers na bustani ya michezo ya Six Flags juu yake. Wananchi wameulizwa kwenye sanduku la kura mara tatu, 1980, 1985 na 2002, jamani tuchangie usafiri wa umma? Mara zote tatu wakakataa.

Kilichopo ni van. Desemba 2017 jiji lilianza kazi na kampuni ya Via, unaandika kwenye simu unapokwenda, kompyuta inakutafutia van inayopita karibu yenye watu wanaoelekea upande wako, inakuambia nenda kasimame kona fulani, unapanda. Yaani Bolt ya kuchangia, ila nauli yake ilianza na dola 3 tu. Mwanzoni ilihudumia sehemu tu ya mji, 2021 wakaitandaza mji mzima. Kabla yake kulikuwa na basi moja la majaribio, MAX, kuanzia 2013, likitoka chuoni mpaka stesheni ya treni ya CentrePort, van zilipoingia wakalifuta.

Sasa hapo ndo ubishi unapoanzia, kuna wanaosema Arlington wameona mbali na kuna wanaosema hiyo ni danganya toto. Mimi nilikuwa upande wa pili kabisa, saivi sina uhakika kama zamani.

Nilipofika Marekani nilikaa mji mwingine, sitautaja, wenye mabasi ya kweli yenye namba na ratiba. Letu lilipita kila baada ya saa moja. Siku moja niko ng'ambo ya barabara ya leni sita, naliona kabisa linakuja, taa ya kuvukia bado nyekundu, nimekibonyeza kile kitufe cha waenda kwa miguu kwa nguvu zote utadhani kinasikia maumivu, basi likafika kituoni, hamna wa kushuka, hamna wa kupanda, likaondoka. Saa nzima nyingine. Na kituo chenyewe ni nguzo yenye kibango, hamna benchi wala kivuli, jua la Julai la huku likiwa nyuzi 38. Huku hamna konda wa kugonga bodi amwambie dereva subiri kuna mtu anakuja. Kwahiyo mtu akiniambia basi ni bora kuliko van namuuliza kwanza, basi lipi?

Na miji hii ilivyojengwa, wapenda mabasi wenzangu mnisamehe, inalikataa basi. Nyumba moja moja kila mtu na uwanja wake, mitaa imejipinda kama utumbo halafu mwisho imezibwa, duka lipo pale unaliona lakini mbele yake kuna parking kubwa kama uwanja wa mpira na njia ya miguu imeishia njiani. Basi likipita barabara kuu linaokota nani? Van inaingia mpaka huko ndani. Wilson, mji mdogo North Carolina, 2020 walitoa mabasi yao ya ruti wakaweka van hizi hizi na abiria wakaongezeka, hilo huwezi kulikwepa.

Halafu kuna hela. Miji iliyo ndani ya DART, shirika la usafiri la Dallas, inatoa senti 1 ya kodi ya mauzo kwa kila dola, na sheria ya Texas inaipa miji kikomo cha senti 2 kwa jumla. Ni nusu ya fungu lako lote. Ndo maana mwishoni mwa 2025 mabaraza ya Plano, Irving na wengine yaliamua kuwapeleka wananchi kwenye kura ya kujitoa, wakilalamika wanatoa nyingi kuliko huduma wanayopata, na hiyo ni baada ya treni mpya ya Silver Line kuanza Oktoba ikitokea Plano kwenda mpaka uwanja wa ndege. Arlington wanaangalia hayo wanasema mnaona?

Ila sasa Arlington wasijifanye hawana hela. 2004 wananchi hao hao walipitisha nusu senti ya kodi ya mauzo ili kuchangia uwanja wa Cowboys. Nusu senti ya uwanja ilipatikana!

Na van zina tatizo ambalo pesa za matangazo haziliondoi. Gharama kubwa ya usafiri ni saa ya dereva, na kwa saa moja van ya kuzunguka mitaani inabeba watu wachache, mara nyingi hawafiki hata watano. Basi kwenye barabara yenye watu likibeba 10 au 30 dereva ni yule yule, mafuta karibu yale yale. Huduma ya van ikipendwa na wengi inaharibika, kila abiria mpya ni kona mpya ya kupinda, wewe uliyekaa ndani unazungushwa, wa nyuma yako anasubiri, na jiji lina mawili tu, liongeze van au lipandishe nauli, na kweli ile dola 3 ya kwanza imekuja kuwa dola 3 mpaka 5 kulingana na umbali. Zilipoanza, siku za kazi zilikuwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu usiku, Jumapili hamna. Mwenye shift ya usiku kwenye maghala afanyeje, na wa kwenda kanisani je?

Kwa maoni yangu wamekosea kutumia njia moja tu kila mahali. Mitaa ya ndani waachieni van, huko zinafaa. Lakini Cooper Street, kuanzia Parks Mall kule kusini, ikapita katikati ya chuo, halafu uingie Collins upite uwanjani mpaka CentrePort, pale watu wapo, wanafunzi wapo, kazi zipo. Weka basi kila dakika 15, mtu asiangalie hata simu.

Na wanajua inawezekana. Kombe la Dunia 2026 uwanja ule wa Cowboys ulipangiwa mechi 9, nusu fainali ikiwemo, na mpango wa kuwafikisha mashabiki ulikuwa nini? Panda treni mpaka CentrePort, ukishuka ukute mabasi yanakusubiri yakupeleke uwanjani.