Je, Healey alikosea kuifuta CVA-01?

Alfajiri ya Januari 25, 1964, helikopta zilipaa kutoka HMS Centaur, meli ya Uingereza ya kubeba ndege, zikawashusha makomando kwenye kambi ya Colito, Lugalo ya leo, Dar es Salaam. Maasi ya Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika, yakazimwa. Kwa Nyerere, kumwomba msaada mkoloni wa juzi ilikuwa fedheha. Kwa wanamaji wa Uingereza, ulikuwa ushahidi kwamba meli hizo zina kazi.

Ushahidi huo haukusaidia. Februari 1966 Waziri wa Ulinzi, Denis Healey, aliifuta CVA-01, meli mpya ya kubeba ndege ya zaidi ya tani 50,000 iliyokuwa bado kwenye michoro. Waziri wa wanamaji, Christopher Mayhew, na mkuu wa jeshi hilo, Admeri David Luce, wakajiuzulu.

Healey alikuwa na hoja. Hazina ilikuwa taabani, na makoloni ya kulindwa mashariki ya Suez yalikuwa yakipungua kila mwaka. Hata kisa cha Dar kinamtetea: walioimaliza kazi ni helikopta na askari wa miguu, na hao hawahitaji sitaha kubwa kiasi kile.

Tatizo ni mbadala wake. Jeshi la Anga liliahidi kuziba pengo kwa ndege za F-111 kutoka Marekani, zikitumia viwanja vya visiwani katika Bahari ya Hindi, Aldabra kikiwemo. Mwaka 1967 pauni ilishushwa thamani, Aldabra ikaachiwa kobe wake. Januari 1968 F-111 nazo zikafutwa. Kwa hiyo CVA-01 ilishindwa na kitu ambacho hakikuwahi kuwepo.

Bili ilikuja 1982, Argentina ilipoviteka visiwa vya Falkland. Ndege za kivita za Sea Harrier, kutoka meli za Hermes na Invincible, zilipigana vizuri mno. Hakuna hata moja iliyodunguliwa na ndege ya adui. Lakini Gannet, ndege za rada za kuona mbali, zilikuwa zimeondoka na meli kubwa ya zamani, Ark Royal, kwa hiyo hakukuwa na jicho la kuonya mapema. Mei 4 kombora la Exocet likaipiga manowari ya Uingereza, HMS Sheffield, wakafa mabaharia 20.

Wanaodai kwamba CVA-01 ingeizuia vita yenyewe wanatia chumvi. Meli ikiwa moja, adui husubiri tu iingie gatini kutengenezwa. Safari hii Uingereza imejenga mbili, na Februari 2024 Queen Elizabeth ilipopata hitilafu ya rafadha kabla ya mazoezi ya NATO, ni Prince of Wales iliyong'oa nanga.