Mzee wa Vifungo na wapelelezi wa barazani

Kwenye simu yangu kuna alama nyekundu niliyoichomeka mwaka 2020 kwenye ramani ya Australia, nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Iko chini ya magenge ya Mlima Howitt, jimbo la Victoria, mahali pasipo na kijiji wala duka. Niliichomeka saa nane za usiku, nimelala chali, corona imeshanivuruga ratiba ya usingizi, na nilikuwa radhi kuapa kwamba watu wawili waliopotea wamelala pale. Nikamtumia rafiki yangu aishiye Melbourne. Akajibu neno moja: "Lala."

Waliopotea ni Russell Hill, umri wake miaka 74, na Carol Clay, miaka 73. Waliondoka Alhamisi, tarehe 19 Machi 2020, wakaenda kupiga kambi katika bonde la Wonnangatta, ndani kabisa ya milima. Hill aliwahi kufanya kazi ya kukata magogo huko, na njia zake alizijua kama mtu anavyojua kutoka kitandani mpaka mlangoni taa zikiwa zimezimwa. Tena alikuwa mpenzi wa redio za mawasiliano, zile ambazo misheni za kwetu ziliziita redio za upepo. Jioni ya Ijumaa, yapata saa kumi na mbili, aliwaita wenzake hewani akawaambia yuko Wonnangatta. Hakusikika tena. Kesho yake wapiga kambi wengine walipita pale wakakuta hema limeteketea, Land Cruiser nyeupe imebabuka kwa moto, na wenyewe hawapo. Droni ya mzee nayo haipo.

Halafu ikajulikana kwamba Hill ana mke nyumbani, na mke huyo si Carol. Hapo baraza lilichangamka kwelikweli.

Nasema baraza kwa sababu sioni tofauti. Zamani wazee walikaa juu ya kibaraza cha udongo wakichambua nani kaonekana na nani magharibi karibu na kisima. Leo tunakaa Facebook na YouTube tukichambua watu wa bara jingine, na mkononi tuna picha za setelaiti, basi tunajiona makachero. Methali tunayo tayari ya kutuhalalishia: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sijui kama kuna methali nyingine iliyowaumiza watu wengi kama hiyo. Maana yake, ukiisikiliza vizuri, ni kwamba uvumi hauwezi kushindwa. Ukiwa kweli, si tulisema? Usipokuwa kweli, ngoja kidogo.

Yaliyosemwa ni mengi. Kwamba wametoroka wakaanze maisha mapya, watu wa miaka sabini na ushei, kwa miguu, milimani, gari wameliacha nyuma. Kwamba wamewakuta wakulima wa bangi. Kwamba wametumbukia katika mashimo ya wachimba dhahabu wa zamani, ambayo kweli yako mengi milima ile. Kwamba droni imewaudhi wawindaji. Mwingine alifukua kisa cha mkuu wa gereza la Barwon aliyepotea mwaka 2011 akiwinda kwenye milima hiyohiyo ya Victoria, na mpaka leo hajaonekana, akachora mstari kutoka kwake mpaka kwa Hill na Clay. Ukishaanza kuchora mistari kwenye ramani huachi. Kila aliyewahi kupotea katika milima yote ile, eneo kubwa kupita mikoa yetu kadhaa, akawa amepotezwa na mkono mmoja.

Na bonde lenyewe lina historia ya kulisha moto huo. Mwishoni mwa mwaka 1917 msimamizi wa ranchi ya Wonnangatta, Jim Barclay, alitoweka pamoja na mpishi wake, John Bamford. Barclay alikutwa Februari 1918 amefukiwa kwenye mchanga karibu na kijito, na watu wote wakasema bila kusita: mpishi ndiye. Wakamsaka mpishi miezi kadhaa. Novemba akapatikana naye, amekufa, kwenye nyanda za Howitt, chini ya rundo la magogo. Zaidi ya miaka 100 imepita na hakuna aliyewahi kushtakiwa. Mimi hadithi hii niliisoma usiku uleule wa alama nyekundu, na nakiri sikujifunza chochote kwayo. Nilichokiona ni "bonde lenye laana". Sikumwona yule mpishi, ambaye miezi yote ile alikuwa muuaji midomoni mwa watu naye ni maiti.

Sasa nije kwa mtu aliyenifanya niandike makala hii. Wenyeji wanamwita Button Man, nasi tumwite Mzee wa Vifungo. Anakaa peke yake milimani kwa muda mrefu, anawinda, na inasemekana anachonga vifungo kwa pembe za paa. Wengine wanadai jina limetokana na vitu kama vifungo alivyotoboa na kuvaa masikioni. Wapiga kambi wana visa naye. Umekaa na moto wako, giza limeshuka, ghafla mtu amesimama pembeni hujamsikia akija. Anakuuliza umetoka wapi, unakwenda wapi, gari umeegesha wapi. Halafu anaondoka. Basi. Hakuna kisa hata kimoja nilichokisoma ambapo amempiga mtu.

Lakini soma visa hivyo kumi mfululizo usiku wa manane uone. Kila mmoja anaanza kwa "mimi si muoga, ila…". Kufika cha kumi, yule mzee aliyeuliza gari limeegeshwa wapi ameshakuwa zimwi. Watu wakataka jina lake, wakalipata, wakalitangaza. Wakauliza kwa nini polisi hawamkamati. Waandishi wa habari wakapanda milima kumtafuta. Polisi walipozungumza naye wala hawakumhesabu kuwa mtuhumiwa, na jibu la baraza lilikuwa lile tunalolijua: wanaficha kitu.

Kwetu mtu huyu tunamjua, sema tu havai vifungo masikioni. Ni yule bibi mjane wa Usukumani mwenye macho mekundu. Macho yamekuwa mekundu kwa miaka hamsini ya moshi, anapikia kinyesi cha ng'ombe kwa kuwa kuni zimekwisha. Anaishi peke yake mwisho wa kijiji. Mtoto wa jirani akifa kwa malaria, ng'ombe wakipotea, watu hawaulizi nini kimetokea, wanauliza nani. Na jibu la nani limeshakuwepo siku nyingi, limekaa mlangoni linachambua mboga. Tofauti ya bibi na Mzee wa Vifungo ni kwamba bibi wanamfuata na mapanga. Njia ya kufikia jibu ni ileile: mtu wa peke yake, mwenye tabia tusizozielewa, tukio lisilo na maelezo. Unganisha.

Wakati baraza linamjadili mzee huyo, kazi ya kweli ilikuwa inaendelea, na ni kazi inayochosha kuisimulia. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 21 Machi, simu ya Hill ilishika mnara wa Mlima Hotham. Barabara ya pale ina kamera zinazosoma namba za magari. Wapelelezi wakakaa na orodha ya magari, moja baada ya jingine, wakafika kwenye Nissan Patrol ya buluu iliyokolea, inavuta tela. Julai 2020 walipomtembelea mwenye gari, ambaye ni rubani wa ndege za abiria, gari lilikuwa limeshapigwa rangi nyingine. Wakamtegea vinasa sauti wakasikiliza. Wakasikiliza, wakasikiliza.

Hapa kuna jambo linalonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Novemba 2021 runinga ilirusha kipindi maalumu kuhusu upotevu huu. Sisi wa barazani tulikipokea kama zawadi, tukakitazama kwa kurudiarudia, tukasimamisha picha, tukabishana. Kumbe wapelelezi ndio waliowapa waandishi sehemu ya habari zile, ikiwemo ya gari, makusudi, ili wasikie mtu mmoja atasema nini akikitazama kwake. Kipindi kizima kilikuwa na mtazamaji mmoja. Sisi wengine mamilioni tulikuwa mapambo.

Mwezi huohuo rubani akakamatwa, na mabaki yakapatikana karibu na njia ya magari iitwayo Union Spur, kaskazini ya kijiji cha Dargo: vipande vya mifupa zaidi ya 2,000, vilivyopita motoni. Mahakamani alisema vifo vyote viwili vilikuwa ajali zilizotokana na ugomvi, ila akakubali kwamba aliharibu ushahidi na kuichoma miili. Juni 2024 juri, yaani jopo la raia wanaoamua kesi, lilimwona na hatia ya kumuua Carol Clay, na likamwona hana hatia ya kumuua Russell Hill. Oktoba akahukumiwa miaka 32. Akakata rufaa, na Desemba 2025 mahakama ya rufaa ikaitengua hatia hiyo na kuamuru kesi isikilizwe upya. Ya mahakama nawaachia wenye mahakama.

Niwape haki yao wale waliosema droni. Kwa maelezo ya mshtakiwa mwenyewe, ugomvi ulianzia hapo: kwamba Hill alimpiga picha kwa droni akiwinda karibu na kambi na kutishia kumpeleka polisi. Ni maneno yake, na upande wa mashtaka haukuyameza. Lakini tuseme ni kweli. Waliobashiri droni walikuwa mamia, na hakuna hata mmoja aliyesogeza upelelezi kwa hatua moja, kwa sababu walibashiri pia wawindaji, bangi, mashimo na Mzee wa Vifungo. Mkeka wa kubeti wenye timu zote haukosi mshindi.

Sasa kuna msomaji wa Nairobi au Arusha ameshaanza kunikunjia ndita. Anasema: wewe unawatetea polisi, hujui polisi wa huku? Najua. Na ndiyo maana siwezi kusema raia akae kimya awaachie wenye magwanda.

Septemba 1988 binti wa Kiingereza, Julie Ward, miaka 28, mpenda kupiga picha wanyama, alipotea ndani ya Maasai Mara akiwa peke yake na gari lake. Mabaki yake machache yalipatikana yameungua, na wakubwa wa Kenya wakati huo wakasema ameliwa na wanyama. Baba yake, John Ward, alikuwa mfanyabiashara wa hoteli, hakuwa askari wala daktari. Aliuliza swali ambalo mtoto wa darasa la pili angeuliza: simba gani anayewasha moto? Ripoti ya uchunguzi wa maiti ilikuwa imebadilishwa maneno, ili mfupa uliokatwa usionekane umekatwa. Mzee huyo alikwenda Kenya zaidi ya mara 100, kwa fedha zake. Mwaka 2004 uchunguzi wa mahakama ya Ipswich, Uingereza, ulitamka kwamba binti yake aliuawa. Bila baba huyo, mpaka leo kitabuni ingekuwa imeandikwa simba.

Huyo naye ni mpelelezi asiye na cheo. Lakini tazama alivyofanya. Alikwenda. Alishika ile ripoti mkononi. Alikodi ndege ndogo za kuzunguka juu ya mbuga kulitafuta gari la mwanawe. Alijibizana na watu uso kwa uso, na waliojibizana naye walimjua jina. Hata hivyo, pamoja na yote hayo, watu watatu walisimamishwa kizimbani kwa nyakati tofauti, askari wawili wa wanyamapori na baadaye aliyekuwa mkuu wa walinzi, na wote watatu mahakama ikawaachia. Muuaji hajapatikana. Kama mtu aliyeifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 30, akiwa na uchungu wa mzazi, hakufika mwisho wa njia, mimi niliyelala chali na simu nilikuwa nafika wapi?

Kinachonisumbua mpaka sasa si kwamba nilikosea. Ni kwamba nilifurahia. Nakumbuka kabisa ule utamu wa kuvuta ramani kwa vidole viwili, kuifuata njia ya Zeka Spur inavyojipinda kuteremka bondeni, kupata pa kuchomeka alama. Na upande mwingine wa dunia kulikuwa na mke wa Hill, watoto wake, na ndugu wa Carol, ambao hawakuwa na la kufurahia humo. Walikuwa wanasubiri simu, na badala ya simu wanasoma watu wasiowajua wakieleza kwa nini ndoa ile ilikuwa mbovu. Carol Clay alipata kuwa kiongozi wa chama cha akina mama wa vijijini jimbo zima la Victoria. Mimi nililijua hilo mwaka jana. Mwaka 2020 nilichokijua juu yake ni kwamba hakuwa mke wa Hill.

Juzi niliifungua tena ile ramani. Alama bado ipo, nyekundu vilevile. Nikavuta kidole kutoka pale kwenda Union Spur: unashuka magenge, unalivuka bonde lote, unapanda upande wa pili, na bado hujafika. Nikapiga picha ya skrini nikamtumia rafiki yangu wa Melbourne, sikuandika neno.

Kule ilikuwa imeshakucha. Akajibu: "Si nilikwambia ulale?"