Choo cha Mwanza kina mengi kuliko mayai ya kichocho

Ukiharisha damu huku kwetu kandokando ya Ziwa Victoria, wa kwanza kushukiwa ni kichocho, wa pili amiba. Sibishi. Kichocho cha tumbo kimeenea mwambao mzima, na anayeshinda majini pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, hawezi kujiona salama. Ninachobishia ni kuishia hapo. Mtu akimeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, akarudia, akaongezewa dawa ya amiba na damu bado haikatiki, huenda ana ugonjwa wa Crohn au vidonda sugu vya utumbo mpana, ambapo kinga ya mwili huushambulia utumbo wenyewe.

Magonjwa haya yana mkono wa kurithi. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kuwa hitilafu kwenye jeni iitwayo NOD2 huongeza uwezekano wa kupata Crohn. Jeni hiyo huwezesha seli kutambua kipande cha ukuta wa bakteria. Ikiharibika, ulinzi wa utumbo huyumba. Nyingine, FUT2, huamua sukari zipi zikae kwenye ute wa utumbo, na sukari hizo ni chakula cha bakteria. Kwa hiyo ndugu wawili waliokula michembe sahani moja wanaweza kubeba bakteria tofauti tumboni. Kwa wagonjwa wengi wa Crohn, Faecalibacterium prausnitzii, bakteria anayetuliza uvimbe, hupungua, huku bakteria wa E. koli wakiongezeka. (Lakini jeni peke yake haitoshi: chakula na dawa tunazomeza ovyo nazo zina uzito mkubwa.)

Tatizo langu ni hili: sehemu kubwa ya utafiti huo imefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Hitilafu tatu za NOD2 zinazotajwa sana ni adimu kwa Waafrika. Kipimo kinachozitafuta hizo tu kitamwambia Msukuma wa Magu kwamba yuko salama, na hakitakuwa kimemwambia kitu.

Mwanza imekusanya choo cha watoto na wavuvi kwa miaka mingi kuhesabu mayai ya kichocho. Kwa nini, kwa ridhaa yao, kijiko kimoja kisihifadhiwe pamoja na damu kidogo, vipimwe bakteria na jeni? Minyoo, wa kichocho wakiwemo, nayo hubadili bakteria wa tumboni, na swali hilo Ulaya haiwezi kutujibia. Friji la kuhifadhia sampuli hizo, la nyuzi 80 chini ya sifuri, ni ghali na halivumilii umeme wa kukatikakatika. Basi andiko la kuomba fedha lianze na friji na jenereta yake, semina za hotelini zisubiri.