Kitambaa hakizuii maji
Eti mafuta yaliyokaangiwa chipsi na samaki hapa Mtwara ukiyachuja kwa kitambaa tu, unamimina kwenye tangi la dizeli, safari! Thubutu. Kitambaa kinashika makombo, maji yanapita, na maji ndiyo yanayoua pampu na nozeli zinazonyunyizia mafuta kwenye injini. Dondosha tone la mafuta hayo kwenye kikaango cha moto. Likitatarika, bado yana maji. Yapashe, yaache yatulie siku kadhaa, uchote ya juu. Hata yakiwa safi ni mazito kuliko dizeli: injini ya zamani itavumilia ukiiwasha kwa dizeli kwanza na mafuta yakipashwa kabla ya kufika kwenye pampu, ila hizi mpya za komoni reli, zinazosukuma dizeli kwa shinikizo kubwa sana kupitia bomba moja la pamoja, usithubutu. Na ya mawese asubuhi ya Julai si huanza kuganda dumuni? Kuna fundi Masasi au Lindi aliyewahi kufunga tangi la pili la mafuta haya, la kwanza libaki la dizeli ya kuwashia?