Ndala ya Babu wa Ngamiani

Jamani, kupiga picha takataka kunataka moyo. Mimi napenda vitu vilivyochoka: sufuria zilizotoboka, minyororo ya baiskeli iliyoliwa na kutu. Kwetu Ngamiani, Tanga, vitu hivyo havikosekani. Shida ni saa. Jua likishapanda utosini picha inakuwa bapa. Asubuhi na mapema ndipo mwanga unapopita kwa ubavu, na kila ufa unajitokeza.

Basi nikaiona jalalani, nyuma ya nyumba ya watu, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga ya korosho. Nikapiga picha moja, nikaifungua. Ndala ya bluu, ya mguu wa kulia. Kisigino kimelika hadi kutoboka, kamba imekatika ikashikiziwa msumari uliopindwa kwa chini, na unyayo wa mwenyewe umejichora humo, vidole vyote vitano. Uzuri ulioje! Nikalala kifudifudi, kamera imeikaribia kabisa.

Maji ya kuoshea dagaa yakanimwagikia mgongoni.

"Yarabi! Nani wewe?"

"Shikamoo bibi."

Marahaba sikuipata. Kijana kalala jalalani asubuhi yote ile, anaikodolea macho ndala ya mume wa mtu, tena Tanga hii! Mnajua wenyewe alichofikiri.

"Mchawi jamani! Anamchukulia mzee wangu unyayo!"

Mtaa ukajaa. Mjumbe akaletwa na msuli wake kiunoni, mswaki mdomoni. Nikajitetea kwa elimu yangu yote: kwamba Irving Penn, mpiga picha mkubwa wa Marekani, mwaka 1972 alipiga picha vipisi vya sigara vilivyookotwa mitaani New York, na mwaka 1975 picha hizo zikatundikwa kwenye Makumbusho ya Sanaa za Kisasa hukohuko.

Mjumbe akatema povu. "Alifungwa miaka mingapi?"

Nikaona bora nimpe kamera ajionee. Akawa anazirudisha picha nyuma, moja moja, anaguna. Babu mwenye ndala naye akatoka ndani, akachungulia juu ya bega lake.

"Ndala yangu! Mama Asha, si uliniambia zimezolewa na mvua ya masika?"

Kimya. Mjumbe alikuwa amefika kwenye ile picha ya kwanza. Akaikuza. Kipande cha kanga, korosho nyeusi, pindo jekundu. Macho ya mtaa mzima yakahamia kwa bibi, aliyejifunga kanga ileile, imechanika pembeni.

Mara uchawi ukanitoka, nikawa shahidi. Babu akataka picha hiyo irushwe kwenye simu ya mjukuu wake upesi, isije nayo ikazolewa na mvua. Kisha akaipangusa ndala, akaivaa, akakanyaga mara mbili kuijaribu.

"Na ya kushoto iko wapi?"

Bibi akaokota beseni lake. "Chooni. Mshushe huyo mpiga picha wako akaitolee sanaa."